Uliza udongo kwanza: kuandaa mkonga kwa safari ndefu za porini

Mvua zikikata mwezi wa tano, simu huanza kuita. Mtu kanunua Land Cruiser, iwe mkonga (ile ya bodi ndefu yenye bomba la hewa pembeni ya kioo) au pikapu, anataka kutoka Mwanza na familia au marafiki wakalale porini wiki moja au mbili, na swali ni lile lile: nifunge nini? Kabla sijajibu ameshataja winchi, taa za juu, friji na hema la kwenye paa. Mimi humrudishia maswali mawili. Huko unakokwenda udongo wake ukoje? Na gari likikufia huko, fundi wa karibu ni nani? Nimeendesha magari ya watafiti na ya wageni katika Kanda ya Ziwa, na sasa naendesha langu, mke wangu kiti cha pembeni na watoto nyuma. Karibu kila kitu kinachotupeleka na kuturudisha salama kilitokana na majibu ya maswali hayo. Vifaa vya dukani vilikuja baadaye, na vingi sijavihitaji mpaka leo.

Tuanze na udongo. Wakulima wa Kisukuma wanaujua kwa majina, na dereva anayetaka kupita kwao inampasa aujue hivyo hivyo. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga unaonyonya maji mara tu mvua inapokatika. Ukishuka kidogo unakutana na itogolo, udongo mgumu ambao maji hutuama juu yake. Unateleza lakini chini una sakafu. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi mzito wa mpunga, pamba na dengu. Kilima kimoja tu, tangu kwenye mawe hadi bondeni, kinaweza kukupitisha kwenye udongo wote huo ndani ya kilomita chache. Ukiangalia kilicholimwa pembeni mwa njia, unajua tairi zako zinakaribia kukanyaga nini.

Mbuga ndiyo inayolaza watu nje. Kiangazi inapasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto unaingia. Mvua ikinyesha udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na maji hayana pa kwenda. Tairi lenye meno makubwa linajaa tope katikati ya meno mara moja, na kuanzia hapo halina tofauti na kipara. Tope linapanda kwenye madgadi, linajaza nafasi yote juu ya gurudumu, hadi gurudumu linashindwa kuzunguka ingawa injini ina nguvu zake zote. Winchi haikusaidii pale ambapo mti wa karibu uko mbali kuliko waya wake. Unaweza kuchimba shimo ukazika tairi spea liwe nanga, na kweli linashika. Lakini hiyo ni kazi ya nusu siku kwa watu wazima kadhaa, na ukishatoka unazama tena hatua chache mbele.

Ng'ambo ya Mwanhuzi, wilayani Meatu, tulifika kwenye mbuga ya namna hiyo asubuhi baada ya mvua ya usiku ambayo haikuwa ya msimu wake. Mzee mmoja alikuwa anapitisha ng'ombe. Nikamsalimia, "Mwangaluka, babu." Akaitikia, akalizunguka gari taratibu, akainama kutazama tairi, kisha akanionyesha kwa fimbo. "Leo hapa hapapitiki, ng'wanawane, mwanangu. Kesho jua likishachoma, usifuate hii barabara, maji yamelala kwenye njia za matairi. Pita pale kwenye majani mafupi, ng'ombe wangu wanapita pale." Tukatandika mikeka, tukapika, watoto wakacheza. Kesho yake mchana tukapita pale pale alipoonyesha bila kufunga hata habu za mbele, zile za kuyaunganisha magurudumu ya mbele na nguvu ya injini.

Tangu siku hiyo kifaa changu cha kwanza cha tope ni chakula na maji ya siku mbili zaidi ya safari yenyewe. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu nimeona watu wenye magari ya gharama kubwa wakilazimisha mbuga saa tano asubuhi kwa kuwa maji yao yanaisha jioni. Mwenye maji ana uwezo wa kukaa. Asiye na maji lazima aende, na lazima hiyo ndiyo inayovunja magari.

Hapo ndipo uzito unapoingia, maana maji ni mazito. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja. Chukua Land Cruiser ndefu yenye tenki mbili za lita 90 kila moja: ukizijaza, dizeli peke yake ni karibu kilo 150. Weka maji lita 80, tairi spea mbili pamoja na rimu zake, hema la paa ambalo aghalabu halipungui kilo 50, na watu wazima wanne. Umeshapita kilo 600 na bado hujaweka hata sufuria. Kila gari lina kibao kinachosema uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba, na watu wengi ninaowafahamu hawajawahi kukisoma.

Huku kwetu kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Viwanda vya kuchambua pamba vina mizani ya malori, na nje ya msimu wa pamba, ukienda na maneno ya heshima kwa msimamizi, mara nyingi utapimiwa. Dereva wa lori la pamba ndiye aliyenifundisha namna: kwanza panda na tairi za mbele tu, soma, kisha panda lote, soma, tofauti ndiyo uzito ulioko nyuma. Pima gari likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, watu ndani, tenki zimejaa. Nilipoona jinsi mzigo wote ulivyokuwa umekalia ekseli ya nyuma, nilihamisha maji yakakaa sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele, na gari likawa gari lingine. Usukani ukatulia, breki zikashika sawa.

Juu ya keria napakia vyepesi tu: turubai, mikeka, madumu matupu. Najua mjini tumezoea kuona madumu yaliyojaa juu ya paa, na kwenye lami hayana shida kubwa. Lakini ukiteremka korongo kwa pembe, upande mmoja wa gari uko chini na mwingine juu, kila kilo iliyoko kwenye paa inavuta kuelekea chini. Watu wanaponiambia wanataka kuongeza jani kwenye springi ili gari libebe zaidi, huwaomba kwanza washushe vitu. Springi iliyokazwa kupita kiasi huhamishia kishindo chote kwenye shokapu na vishikio vyake, na kishikio cha shokapu kikikatika kwenye chesisi unahitaji mtu wa kuchomelea, ambaye anahitaji umeme, ambao haupo.

Barabara zenyewe ndizo zinazofungua gari. Lami ikiisha unapokelewa na njia iliyojikunja kama bati, na mtikisiko ule wa saa nyingi hulegeza nati ambazo fundi alikaza kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo kabla ya safari ndefu gari langu hulala gereji, Nyakato, nami nikiwepo. Beringi za magurudumu zinafunguliwa, zinaoshwa, zinawekwa grisi mpya. Bushi za springi zinakaguliwa. Mipira ya rejeta inabinywa kwa vidole, na ule uliolainika kupita kiasi au kupasuka mwishoni unabadilishwa hata kama hauvuji. Mkanda wa taimingi wa injini ya 1HZ, hii ya dizeli ya Land Cruiser yangu, hauonekani kwa macho, hivyo naandika kilomita kwenye daftari. Ni wa kubadilisha kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinaweza kugonga pistoni, jambo ambalo hakuna fundi wa kijijini atakayekutoa. Mikanda na mipira tunayoitoa ikiwa bado mizima haitupwi. Inafungwa kwenye mfuko na kuwa akiba, kwa sababu tayari najua inaingia kwenye gari hili.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayekuja: usikae benchi unachezea simu wakati fundi anafanya kazi. Kaa naye. Muulize kwa nini anaanza na nati hii. Fundi wangu, mzee ambaye ameshika spana tangu ujana wake, huniachia nifungue mwenyewe kisha anasimama pembeni. "Kijana wangu," huniambia, "mimi sitakuwepo Makao," akimaanisha kile kijiji cha mbali huko Meatu. Sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu gari hili nimekipata mikono ikiwa na oili, na yeye akiangalia.

Sasa tairi, ambazo ndizo ningezizungumzia siku nzima kama ningeachiwa. Wengi siku hizi wanapenda tubles pana zenye rimu za kung'aa. Mimi nimebaki na 7.50R16 za tyubu kwenye rimu za chuma, na sababu ni yule fundi wa karibu. Saizi hii inavaliwa na mikonga mingi ya miradi, ya serikali na ya mahospitali, kwa hiyo tyubu yake utaipata kwenye miji midogo. Na kiraka cha tyubu anakiweka yeyote anayeziba baiskeli, na hakuna senta ya Usukumani isiyo na mtu wa baiskeli.

Ilinitokea kwenye senta moja huko huko Meatu. Tulikuwa tumeshaziba tairi lile lile asubuhi, na mchana likaisha upepo tena. Kijana aliyekuwa chini ya mwarobaini na baiskeli tatu zimegeuzwa miguu juu alikuja na beseni la maji. Akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha, akaweka alama kwenye viputo, akaparua mahali pale kwa tupa, akapaka gundi na kuipuliza mpaka ikakauka kidogo ndipo akabandika. Mpaka hapo alifanya alichofanya yule wa asubuhi. Lakini kabla ya kurudisha tyubu aliingiza mkono ndani ya tairi lenyewe, akaupitisha taratibu kuzunguka lote, macho ameyafumba. Akasimama mahali fulani, akaomba koleo. Akavuta ncha ya mwiba wa mgunga, fupi kuliko kucha, iliyokuwa imevunjikia ndani ya mpira na kuchungulia upande wa tyubu. Kwa nje haikuonekana kabisa. Siku hizi hairudi tyubu kwenye tairi langu kabla ya mkono kupita ndani yake, na natumia kitambaa chepesi kwanza ili kinase mwiba kabla haujanasa kidole.

Rimu zenye pete, ile ya chuma inayolishikilia tairi lisitoke, ziheshimiwe sana. Pete ambayo haijakaa vizuri inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua mtu. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua, na wakati wa kujaza pete itazame chini au ifungwe mnyororo, na watoto wakae mbali.

Kuhusu upepo wenyewe: kwenye lami na mzigo mzito najaza psi 40 na kitu. Nikiingia mchanga, kwa mfano kwenye mto mkavu au ufuko wa ziwa, nashusha hadi 25 hivi, tairi linatanuka, linakanyaga eneo refu zaidi na kuelea. Kwa tairi la tyubu sishuki chini ya 20, kwa sababu tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu likaivuta tyubu, na vali ikang'oka. Wenye tubles wanaweza kushuka zaidi, hiyo ni faida yao ya kweli. Ukirudi kwenye njia ngumu jaza tena, usisubiri kufika mjini, maana tairi laini likikimbia linapata moto na kupasuka ubavuni. Pampu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye betri ni kati ya vitu vichache vya dukani ambavyo nasema nunua bila kujiuliza, lakini beba na ya mguu pia.

Jeki ijaribiwe nyumbani, gari likiwa limepakiwa, kwenye udongo, si kwenye sakafu ya saruji ya gereji. Hapo ndipo utagundua kama inafika. Beba ubao mnene wa kuiwekea chini, vinginevyo itazama yenyewe badala ya kunyanyua gari. Chepe moja nzuri yenye mpini mrefu imetoa magari mengi kuliko winchi zote ninazozifahamu. Na ukivutwa, kamba ifungwe kwenye kishikio kilichofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Usifunge kamwe kwenye kile kichwa cha chuma cha duara cha kuvutia tela, kikikatika kinaruka kwa nguvu za kuua. Waya wa chuma utupiwe koti zito katikati, na watu wote wasogee pembeni.

Mkonga wenyewe, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo, watu wanadhani ni la kuogelea. Kazi yake kubwa huku kwetu ni kuvuta hewa kutoka juu ya vumbi. Hata hivyo unganisho lake kwenye bodi lazima liwe limezibwa sawasawa, na filta ya hewa ifunguliwe kila jioni ukiwa kwenye vumbi jingi. Pembezoni mwa ziwa kuna adui mwingine ambaye wageni hawamjui: wadudu wa ziwa. Wanapanda kutoka majini kwa mamilioni, na upepo ukiwaleta nchi kavu wanaingia kwenye mkonga na kubandika kwenye rejeta mpaka mshale wa joto unapanda. Taa huwavuta, kwa hiyo ukipiga kambi ufukoni zima taa za gari mapema. Asubuhi usimwagie rejeta maji kwa mbele. Piga kutoka upande wa injini ili watoke walikoingilia.

Mbegu za majani hufanya vivyo hivyo, na mwezi wa sita ndio wakati wake, majani marefu yamekauka yakiwa na mbegu. Nafunga wavu laini mbele ya rejeta, wa dirisha la mbu tu, unafungwa kwa kamba. Lakini hatari kubwa zaidi iko chini. Majani makavu yanajisokota kwenye propela shafti na kukaa juu ya bomba la moshi, na bomba lina joto la kuwasha moto. Kila tukisimama kupumzika katika nchi ya majani, mmoja wetu analala chini ya gari na kuyatoa. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo dereva anaufikia akiwa amekaa. Nimeshaukuta kwenye gari la mtu ukiwa chini ya magunia.

Kwenye umeme nitasema kidogo. Uzuri wa 1HZ ni kwamba haina kompyuta. Ikishawaka inachohitaji ni dizeli, hewa, na waya mmoja unaopeleka umeme kwenye sumaku ya kufungua dizeli juu ya pampu. Waya huo ukikatika kwa mtikisiko injini inazima ghafla, na watu wanahangaika kufungua nozeli bure. Ujue uko wapi. Beba kipande cha waya cha kuuunganisha moja kwa moja na betri. Beba pia filta mbili za dizeli, kwa sababu dizeli ya kwenye mapipa ya vijijini mara nyingi ina maji na uchafu. Ipitishe kwenye kitambaa kabla ya kuimimina, na fungua tundu la chini la filta asubuhi umwage maji yaliyojikusanya.

Friji ninaizuia kwa wengi, na wanakasirika. Friji inataka betri ya pili, betri ya pili inataka kitenganishi ili isinyonye ile ya kuwashia gari, kisha inataka sola, na ghafla umebeba kilo 70 kwa ajili ya soda baridi. Anayebeba dawa za kukaa kwenye baridi ana sababu. Wengine tuna dagaa. Dagaa waliokaushwa vizuri wa hapa Mwanza, mchele, unga, maharage yaliyokwisha kuloweshwa asubuhi yakiendelea kulainika njiani, na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Wazee wetu walivikausha viazi hivyo kwa ajili ya kukaa muda mrefu, na hakuna chakula kinachofaa gari zaidi ya hicho: chepesi, hakiozi, kinaiva kwa maji kidogo. Watoto wangu hula matobolwa njia nzima. Samaki wakavu wakae kwenye ndoo yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya gari usiku, kwani fisi ananusa mbali. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unatosha, nao unakuondolea haja ya kutafuta kuni, ambazo hifadhini huruhusiwi kuziokota.

Ukipiga kambi karibu na ziwa, soma ufuko kabla hujashusha mzigo. Mahali penye majani mafupi yaliyosawazishwa vizuri karibu na maji panavutia sana kwa hema, na ndipo viboko wanapokula usiku. Tafuta njia yao, ni pana na imekanyagwa, na kinyesi kimerushwa kwenye vichaka vya pembeni. Kaa mbali nayo. Mamba nao wapo. Na kichocho kipo, kwa hiyo watoto hawaogelei hata maji yakiwa meupe. Maji ya kuoga nayachota na kuyaacha kwenye dumu siku mbili, ya kunywa yanachemshwa. Chandarua, vipimo vya malaria na dawa ya mseto ni sehemu ya gari kama ilivyo jeki.

Vitabu vya wenzetu vinasema kabla ya kuvuka mto shuka utembee ndani yake upime kina. Kwenye mto Grumeti, magharibi mwa Serengeti, usijaribu, una mamba wakubwa. Simama ukingoni, tazama magari mengine yalivuka wapi na alama zao zina umri gani, tazama maji yanavyokunjamana juu ya mawe. Kama huna uhakika, rudi. Na kama unavuka, simamisha gari kwanza difu zipoe, kwa kuwa difu ya moto ikiingia maji ya baridi hunyonya maji kupitia bomba lake la kupumulia. Bomba hizo mbili tulizirefusha kwa mpira mwembamba hadi juu ya injini; ni kazi ya mchana mmoja na gharama yake ni ndogo mno.

Kwa wanaoingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka, pale pembeni mwa barabara ya Musoma, mkumbuke kwamba ndani ya hifadhi hakuna kuacha njia wala kulala popote unapopenda. Kambi ni zile zilizopangwa, na saa kumi na mbili jioni uwe umeshafika. Ukanda ule wa magharibi una udongo mweusi ule ule wa Meatu. Mbung'o wapo, na wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo nguo za safari ziwe za rangi ya udongo.

Kwa upande wa Geita na Biharamulo safari imekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko ilikuwa ndiyo nafasi yetu ya kukaza kamba na kukagua nati. Sasa lazima usimame kwa makusudi, nami husimama Sengerema.

Kabla ya safari yoyote ndefu tunalala usiku mmoja karibu, mara nyingi ufukoni upande wa Magu, gari likiwa limepakiwa kila kitu. Tunapika gizani, tunabadilisha tairi, mke wangu anafunga habu na kuendesha kwenye mchanga, kwa sababu dereva akiumwa lazima kuwe na dereva mwingine. Ndugu yangu mmoja mjini anabaki na karatasi yenye njia yetu na siku tunayotarajia kupata mtandao.

Tukirudi, kabla mzigo haujashuka, naandika kwenye daftari kile kilichotumika na kile ambacho hakikuguswa. Tope la mbuga linaoshwa siku hiyo hiyo, likikauka ndani ya chesisi linashika unyevu na kutu inaanza. Kitu ambacho kimesafiri mara mbili bila kutumika kinashushwa, isipokuwa dawa, mtungi wa moto na vifaa vya kuvutia gari. Mwaka jana zilishuka taa za juu na meza ya kukunja. Mwaka huu tumeongeza dumu moja la maji mahali pake.